Picha ya Figo ya Mzee Tarmo

Sipendi kuusimulia mkasa huu, na nikiusimulia huwa natazama chini, kwa sababu mpaka leo nikipita Getanuwas (napita, dada yangu ameolewa kule) navuta kofia usoni kama mwizi wa kuku. Ila mmeniuliza kwa nini naandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, basi sikilizeni.

Nilikuwa karani wa fomu za bima katika hospitali moja huko kwetu, miaka ile mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga na bima yenyewe ngeni, walionayo wengi wao walimu na watumishi wengine wa serikali, pamoja na wazazi wao. Kazi yangu ilikuwa kugeuza magonjwa ya watu kuwa namba. Kila upasuaji una namba yake kwenye kitabu, kutoa figo yote ina yake, kutoa kipande ina yake, halafu pembeni kuna visanduku viwili, kulia na kushoto, unaweka alama kwenye kimoja. Nilikuwa na tai mbili na nilijiona nusu daktari (nusu ile isiyojua kitu).

Mzee Tarmo wa Getanuwas alikuwa ametolewa figo iliyoharibiwa na mawe, kwa bima ya binti yake, Mwalimu Veronika. Akapona, akarudi nyumbani, na mwisho wa mwezi nikaifikia fomu yake. Namba niliijaza vizuri, kwenye upande nikakwama. Kitabu cha upasuaji kilikuwa thieta, kwenye chumba cha upasuaji, na thieta ilikuwa na Sista mkuu, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Same, ambaye wiki moja kabla alinifukuza mbele ya wanafunzi wa uuguzi kwa kuingia na viatu vya tope. Sikutaka kufukuzwa tena. Ndani ya faili kulikuwa na picha ya eksirei, nikaiinua dirishani, nikaiona figo mbovu imejaa mawe upande wa mkono wangu wa kulia, nikaweka alama kwenye kulia, nikaenda kunywa chai. Sikujua kwamba picha ile unaitazama kama mtu aliyesimama mbele yako mkitazamana, kushoto kwake ndiko kulia kwako. Sikujua na sikuuliza.

Lakini juu ya fomu hiyohiyo, mahali ambapo sikupasoma kwa kuwa si pangu pa kujaza, daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba figo mbovu ni ya kushoto. Mkaguzi wa bima akasoma juu, akasoma chini, akampigia simu Mwalimu Veronika kumuuliza baba yake aliugua figo ipi, na alipojibu ya kushoto akaambiwa fomu inasema imetolewa ya kulia. Mwalimu hakuwa na pa kuangalia, maana mkato wa mzee ulipita katikati ya tumbo, hauonyeshi walikwenda upande gani. Basi Getanuwas habari ikawa moja: Mzee Tarmo ametolewa figo salama, ameachiwa iliyooza, anakufa.

Mimi nilipata habari Jumatatu, fomu iliponirudia na duara jekundu. Nikakimbilia thieta, safari hii viatu nikaviacha mlangoni, Sista akafungua kitabu na kidole chake kikasimama kwenye mstari: figo ya kushoto. Nikapumua. Nikakiazima kitabu, nikarudi nacho kwapani nikijisemea nitabadilisha alama, nitaandika barua fupi, yamekwisha.

Nilipokaa mezani, nikaona nje ya dirisha langu ukoo mzima umekaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje. Walikuja na pikapu ya kukodi. Mzee Tarmo amejifunika blanketi, Veronika amemshika bega, na mkabala na mzee amekaa mdogo wake, Mzee Bura, fimbo katikati ya magoti. Mzee alikuwa anamwambia binti yake kwamba kama ni kupasuliwa mara ya pili, hawezi kulala kwenye ile meza akiwa amemficha ndugu yake kosa, maana kwetu mtu haendi kwenye kifo na kosa la ndugu moyoni. Nikaelewa anachotaka kufanya. Kitabu ninacho mkononi. Ilikuwa kazi ya kufungua dirisha tu na kusema, shikamoo mzee, figo yako salama ipo, aliyekosea ni mimi. Nikatazama watu walivyojaa kwenye mabenchi, nikaona haya, nikajiambia wacha wapungue kidogo.

Hawakupungua. Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeaga:

"Bura, ule mpaka niliusogeza mimi, wewe ulipokuwa kwenye mashamba ya ngano. Mkeo hakuuza kitu."

(Hili nililielewa baadaye. Bura alifanya kazi miaka mingi kwenye yale mashamba makubwa ya Hanang, kazi ilipokwisha akarudi, akakuta shamba lake limepungua kipande, akaamini mkewe amekiuza kwa siri, akamfukuza. Mama yule alifia kwao.)

Bura aliilaza fimbo chini. Kisha akauliza, "Nilipomfukuza, ulijua?"

"Nilijua."

Hapo ndipo daktari wa upasuaji alipofika, akasikiliza kilichowaleta, akashangaa, akawaambia figo iliyooza aliitoa kwa mikono yake na mzee haumwi kitu. Akauliza nani ameandika kulia. Veronika akageukia dirisha langu, na benchi zima likageuka naye, nami nipo pale na tai yangu na kitabu cha upasuaji kifuani.

"Kitabu hicho unacho tangu saa ngapi?" daktari akauliza.

Nikasema tangu saa tatu. Ilikuwa inakaribia saa nne.

Bura alivaa kofia, akatoka getini peke yake, pikapu akaikataa. Mzee Tarmo hakufurahi kuambiwa kwamba ataishi. Alikuja dirishani taratibu, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba (angeninyima nisingemlaumu), akasema:

"Mwanangu, nilijiandaa kulisema nife. Kulisema halafu niishi, hilo sikujiandaa."

Fomu niliirekebisha kwa dakika mbili. Tangu siku ile siandiki upande wa kiungo cha mtu mpaka nisimame thieta, viatu mkononi, na nikikosea nafungua dirisha kabla sijafungua kitabu, hata wawepo watu mia.

Mzee Tarmo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kipande kile alimrudishia mdogo wake, lakini Bura hajakilima hata msimu mmoja. Kipo kando ya njia ya kwa dada yangu, majani yamefika kiunoni, na nikifika pale ndipo ninapovuta kofia.