Fishi saba na uzi mweusi

Niliacha masomo mapema, lakini kwa mudomo hakuna mutu wa mutaa wetu wa Ngezi ananishinda. Juzi, kwenye kituo cha afya, muuguzi mumoja alinishinda.

Mama mumoja aliyekimbia vita Djugu anafika pale kila wiki kutafuta dawa ya moyo. Kila wiki wanamuandikia fishi mupya, ile karatasi ya habari za mugonjwa, na mbele yetu wote wanamuuliza: "Mama, uko na watoto wangapi?"

Safari hii alianza mwenyewe: "Walikuwa wane…"

Muuguzi akamushika mukono. Muuguzi huyo ndiye alikuwa ameshona fishi zote saba za yule mama pamoja kwa uzi mweusi, akili ambayo wakubwa wetu wenye diplome hawajapata.

"Pumuzika, mama. Nimesoma yote."

Mama akapapasa ule uzi. "Basi leo niseme nini?"

"Sema tu ni wapi, ni fasi gani inauma."