Mkata Vijiti vya Kaboni wa Kapata

Mzee wangu wa kazi, Tata Mukendi, alikuwa na kidole gumba kifupi, kibaya, chenye kovu jeusi chini ya ukucha, na mgodi mzima ulilitegemea kovu lile. Sifanyi mzaha. Katika maabara yetu ya Kolwezi tulichoma unga wa mawe kati ya vijiti viwili vya kaboni, tukaupiga picha mwanga wake, na picha ndiyo iliyotuambia kama shaba ni nyingi au haba. Vijiti vikipitana urefu, mwanga unadanganya. Kipimo cha kuvikatia kilikuwa cha shaba, kwa hiyo mwaka 1991, askari na raia walipoupora mji, kiliondoka na waporaji. Tangu hapo mzee alipima kwa kidole chake, toka ncha hadi kwenye kovu.

Msumeno aliudharau, akauita panya. Alikizungusha kijiti juu ya wembe, akakifunga kwa kitambaa kibichi, akakivunja mara moja. Vilivyozidi alivisugua kwa msasa. Vilivyopungua aliwapa watoto wa mtaa wetu wa Kapata wachoree sakafu, na mama zao wakamlaumu kila Jumapili baada ya misa.

“Laurentine,” aliniambia, “unakata sawa muntu mwenye njaa.”

Alisema kweli, nilikata kwa pupa. Alinivumilia miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1993 wakubwa wa mkoa wetu wakaamua kwamba watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, watoke. Tata Mukendi alikuwa wa huko kwa wazazi tu; yeye alizaliwa papa hapa. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa picha. Asubuhi moja vijana walikuja mlangoni mwa maabara, kaka yangu Séraphin akiwa mbele, wakamwamuru aende stesheni. Mzee alinitazama mimi. Nikainamia vijiti vyangu, eti nina kazi nyingi. Mjinga mimi, na mwoga pia.

Wiki tatu walisubiri treni pale stesheni, na wiki tatu chakula kilinishinda. Niliposikia kwamba treni itafika wiki ile, nilitaka jambo moja tu: asiondoke na hilo tu moyoni, kwamba nilimkana. Mkono mtupu haulambwi, nikabeba unga, sombe ya majani ya muhogo, na vijiti thelathini nilivyovikata mwenyewe.

Stesheni ilijaa familia zilizolala chini ya mahema ya plastiki. Nilimkuta na mkewe, mama Mianda, kwenye mkeka kati ya magunia. Mzee akavipokea vijiti, akavipanga juu ya sanduku, akaviondoa kumi na tisa visivyolingana. Halafu akaniuliza:

“Ulikuya juu ya hivi vijiti vya makala, ao juu yangu?”

“Kwa ajili yenu, tata. Siku ile niliogopa.”

“Niliona.” Akafuta vidole vyake vyeusi kwenye suruali. “Mi nilikasirika, Laurentine. Nilikasirika sana. Ningali nakasirika.”

Nikalia mbele za watu, sikuona haya. Nampenda mzee yule, na nilistahili kila neno. Mama Mianda akasogeza sufuria.

“Ikala, mwana. Sombe itapola.”

Basi nikakaa. Treni ilikuja siku ya nne, na siku zote hizo nilikuwa kwenye mkeka wao, nikichota maji, nikisonga bukari, ugali wetu. Siku ya pili Séraphin alipita na wenzake. Alisimama, akaniuliza kwa ukali nafanya nini pale, na kwa nani.

Mzee aliinamisha macho ili asinitie aibu nikishindwa kujibu.

“Niko kwa tata Mukendi,” nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka relini. “Yeye njo alinifundisha kazi.”