Hitilafu ya Miaka Tisa

Ofisini walimwita Shangazi, na wengi waliomwita hivyo hawakujua tena kwa nini. Zamani alikuwapo mpwa wake, aliyefanya kazi pale mwaka mmoja na nusu na kumwita hivyo mbele za watu bila haya. Mpwa akahamia kwingine, shangazi akabaki, na jina likabaki naye. Hata meneja, aliyekuwa rika lake, alimwita Shangazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kampuni yao ilitengeneza ruta, vile visanduku vinavyopokea pakiti za mtandao na kuzigawa kwa kompyuta zinazozingoja. Shangazi alikuwa fundi wa programu ya ndani kabisa, ile iliyo chini ya programu nyingine zote. Ni kazi isiyo na sifa. Ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba ipo, na ikienda kombo kila kitu kilicho juu yake kinaanguka nayo. Alikuwa ameikalia miaka ishirini na miwili, na bado kila asubuhi aliivutia kiti kwa hamu ya mtu anayekwenda kula.

Alikuwa mtu wa kushukuru, kiasi cha kuwachosha watu. Alimshukuru mfagizi, akaushukuru mlango uliofunguka bila kelele, akamshukuru mumewe kwa chai ambayo yeye Shangazi ndiye aliyeipika, eti kwa kuinywa vizuri. Ruta ikianguka mezani kwake na kumwaga mistari ya makosa kwenye skrini, aliiambia asante, maana afadhali ianguke pale kuliko kwa mteja. Wenzake walimtania kwamba siku akiibiwa atamfuata mwizi amshukuru kwa kurudishia mlango.

Zilikuwa zimebaki wiki sita astaafu wakati ruta za hospitali moja zilipoanza kuzima na kujiwasha zenyewe. Zilizima mara mbili kwa siku, mara nyingine tano, bila saa maalumu. Kila zikizima, wauguzi walikaa dakika tatu wakisubiri majibu ya maabara yasiyofika. Hakuna mgonjwa aliyepata madhara, na Shangazi alimshukuru Mungu kwa hilo, lakini alijua bahati ya namna hiyo haina mkataba na mtu.

Jumatatu meneja alitumia njia inayojulikana na mafundi wote wa kazi ile. Unachukua toleo la programu lililokuwa zima na toleo linaloumwa, unajaribu lile la katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki, unakata hivyo hivyo mpaka libaki badiliko moja tu ambalo kabla yake hali ilikuwa shwari na baada yake mambo yakaharibika. Badiliko lililobaki lilikuwa la Mama Mapacha.

Huyu Mama Mapacha alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na minne, mwenye mabinti wawili waliofanana hadi kwa kupiga chafya. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na wa sasa ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Alikaa meza ya pili kutoka kwa Shangazi, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi ile mstari kwa mstari. Badiliko lake lilifanya miunganiko ya mtandao ifungwe haraka zaidi pindi inapomaliza kutumika, na wiki lilipoingizwa watu wote walilipigia makofi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Alisema kikao kitakuwa Ijumaa saa nne, na kama itathibitika kwamba chanzo ni kazi ya Mama Mapacha, basi mkataba hautaongezwa. Mama Mapacha hakujitetea hata kwa neno moja. Alisema ameelewa, akarudi kwenye kiti chake. Hilo lilimuudhi Shangazi kuliko yote, maana alikuwa amemfundisha kubishana na kila kitu: vitabu, vipimo, hata meneja. Hakutambua siku ile kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumfundisha kumbishia.

Basi akaomba apewe hadi Ijumaa, akakunja mikono ya nguo.

Ugonjwa wenyewe aliufahamu kwa jina lake la ukoo. Kila muunganiko unaofunguliwa hupewa sehemu yake ya kumbukumbu, sawa na mtu kupangiwa chumba. Kila anayehitaji kuingia chumba hicho huchukua ufunguo na kutia sahihi, na chumba hakipewi mpangaji mwingine mpaka funguo zote zirudi. Akiwepo hata mmoja aliyeingia bila kutia sahihi, hesabu itasema chumba ni kitupu naye yumo ndani. Mpangaji mpya analetwa na kitanda chake, wanagongana gizani, na ruta inaanguka. Swali lilikuwa moja tu: nani aliingia bila sahihi?

Jumanne nzima na Jumatano nzima alilisaka jibu hilo. Kwenye sehemu inayofunga miunganiko aliweka mistari inayoandika taarifa kila hatua, ili aone nani yuko wapi. Hitilafu ikatoweka. Akaiondoa mistari, hitilafu ikarudi. Akaiweka tena, kimya. Hayo si mauzauza, na kila fundi wa kazi hii amewahi kulia kwa sababu yake: kuandika taarifa huchukua muda, na ule muda mdogo unatosha kuwapishanisha wale waliokuwa wakigongana. Jumatano jioni maji yalikuwa yamemfika shingoni. Meneja aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini mistari ile isiachwe humo humo na ruta zipelekwe hospitali hivyo hivyo. Shangazi akamjibu kwamba huko ni kumfunika mgonjwa shuka na kusema amepona.

Alhamisi asubuhi alikuwa akiosha kikombe kwenye jiko dogo la ofisi. Sabuni ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alisugua muda mrefu, na katika kusugua akajikuta akilitazama jambo kutoka upande wa pili. Kama kuchelewesha ufungaji kunaficha hitilafu, basi ufungaji ulikuwa unamtangulia mtu. Nani? Pakiti zote zilikuwa na funguo, alizihesabu mara kumi. Akabaki mmoja ambaye hakuna aliyemfikiria, kwa kuwa hapokei wala hapeleki chochote: taima, kile kisaa cha ndani kinachoamka kila baada ya muda kuangalia kama muunganiko bado unatumika.

Aliacha kikombe na povu lake. Alirudi mezani, akaondoa mistari yote ya taarifa, akaweka jambo moja tu: taima ikishaamka, isimame kidogo kabla ya kufanya kazi yake. Akaiwasha ruta. Ilianguka baada ya sekunde nne.

Furaha yake ilidumu mpaka alipouliza ile mistari ya taima iliandikwa na nani. Kompyuta huhifadhi hilo kwa kila mstari, jina na tarehe. Jina lilikuwa lake. Tarehe ilikuwa ya miaka tisa iliyopita. Muunganiko unapofungwa, mistari yake iliiambia taima isiamke tena, lakini haikuuliza kama taima imeshaamka na iko ndani. Na taima yenyewe haikuwa imetia sahihi ya ufunguo. Miaka yote hiyo ufungaji ulikuwa wa kujivuta, taima ikawa inawahi kutoka. Alipokuja mtu akaufanya ufungaji uwe mwepesi, ndipo kosa likakosa pa kujificha. Badiliko la Mama Mapacha halikuwa na doa. Lilikuwa limefungua tu dirisha kwenye nyumba ya mwingine.

Alikaa ameshika tama. Kisha akafungua daftari la majaribio, lile linalotumiwa na wote, ili aandike alichokiona. Juu kidogo ya mstari wake palikuwa na jaribio lingine. Taima imesimamishwa kidogo baada ya kuamka. Ruta imeanguka, sekunde nne. Jumanne, saa nane na nusu mchana. Mama Mapacha.

Alikwenda kwenye meza ya pili, akavuta kiti, akakaa karibu kiasi cha magoti yao kugusana.

"Ulijua tangu juzi," alisema.

"Nilijua, Shangazi."

"Ukanyamaza."

Mama Mapacha aliitazama kibodi. Alisema alikuja hadi mezani kwa Shangazi mara tatu siku ile. Mara ya kwanza alimkuta akimsimulia mhasibu habari za hotuba yake ya kuaga. Mara ya pili aligeuza njiani. Mara ya tatu Shangazi alimwona, akamshukuru kwa kuja, akampa biskuti, naye akarudi na biskuti yake mkononi.

"Nilipotoka likizo ya uzazi wewe ndiye uliyefanya zamu zangu miezi miwili, na hukumwambia mtu," alisema. "Ningeanzia wapi kukwambia kwamba umekosea? Nikasema afadhali niondoke mimi. Mimi nitapata kazi nyingine."

Kwanza Shangazi aliona hasira, hasira kweli kweli, mpaka masikio yakamwasha. Kisha akaona aibu, kwa sababu mtu hajifunzi kukuogopa kwa siku moja. Na chini ya hayo yote palikuwa na jambo jingine. Binti wa watu alikuwa tayari kupoteza riziki ya watoto wake ili yeye astaafu na jina safi. Alishukuru, na alimwambia wazi kwamba anashukuru, na kwamba shukrani hiyo atakwenda nayo kaburini. Lakini hakuishia hapo.

"Hiyo si heshima, mwanangu. Hiyo ni kuniacha nipite sokoni nguo imechanika nyuma, na wewe unanifuata unaangalia."

Mama Mapacha alicheka huku akifuta macho.

Mchana ule Shangazi aliandika dawa ya ile hitilafu. Kwa desturi yao kila dawa hubeba maelezo chini yake: inasahihisha badiliko lipi la zamani, la nani, na hitilafu iligunduliwa na nani. Kwenye kosa aliandika jina lake, kwenye ugunduzi akaandika la Mama Mapacha. Na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuipitisha kazi yake mwenyewe, alimtaja Mama Mapacha awe msomaji wa kutia sahihi. Jioni alimsimulia mumewe yote, mzee mpole aliyestaafu ualimu na asiyejua ruta ila ile iliyo juu ya kabati lao. Mumewe alimpa pole. Akasema miaka tisa ni mingi.

Ijumaa saa nne kamili meneja alifungua kikao. Folda ilikuwa mbele yake, na ndani yake, kila mtu alijua, karatasi ya mkataba usioongezwa. Shangazi alisimama kabla hajaitwa. Alisema kosa ni lake, akaeleza taima, akaeleza ufunguo, akaonyesha tarehe. Meneja alivua miwani, akaivaa tena. Aliuliza kama ana hakika. Shangazi alimwambia hajawahi kuwa na hakika zaidi maishani. Kisha akaionyesha dawa yake ukutani, mistari sita tu, akamwomba Mama Mapacha aipitishe ili hospitali wapelekewe kabla ya adhuhuri.

Mama Mapacha aliisoma. Akaisoma tena. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hakikushuka.

"Siwezi kuipitisha," alisema.

Chumba kizima kiligeuka. Meneja alimtazama kama mtu anayeona kikombe kikianguka mezani taratibu. Mama Mapacha alisimama, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Sauti yake ilianza chini, ikapanda kidogo kidogo. Dawa ya Shangazi, alieleza, inamfanya anayefunga aisubiri taima imalize, na hilo ni sawa. Lakini inamfanya asubiri akiwa ameshika mkononi kufuli la chumba, ambalo hushikwa na mmoja tu kwa wakati mmoja, na taima haiwezi kumaliza bila kupata kufuli hilo hilo.

"Huyu anamsubiri yule amalize, yule anamsubiri huyu aachie," alisema. "Watasubiriana milele. Na safari hii ruta haitajiwasha, Shangazi. Itaganda mpaka mtu aende akaichomoe kwenye umeme."

Shangazi alivaa miwani, akausogelea ukuta. Alisoma mstari wa tatu, wa nne, wa tano. Uso ulimwaka moto. Miaka ishirini na miwili, na alikuwa karibu kuigandisha hospitali nzima kwa mkono wake mwenyewe.

"Yuko sahihi," alisema.

Mama Mapacha aliomba kibodi. Akaandika upya: aachie kufuli kwanza, ndipo asubiri, na taima nayo itie sahihi ya ufunguo kama wengine wote. Zamu hii aliyeandika alikuwa yeye na aliyesoma alikuwa Shangazi, na Shangazi alisoma kwa nongwa, akitafuta kosa kwa macho makavu, asilipate. Akatia sahihi. Ruta ya majaribio ilikaa saa nzima bila kukohoa.

Meneja aliuliza, huku akiichomoa ile karatasi kwenye folda na kuigeuza chini juu, nani ataitunza sehemu hiyo baada ya wiki sita.

"Huyo aliyenikatalia," Shangazi alisema.

Alitoka kwenye korido, akasimama karibu na dirisha, akampigia mumewe simu. Alimwambia leo amekosolewa mbele ya ofisi nzima, na aliyemkosoa ni mwanafunzi wake mwenyewe, na amekosolewa kwa haki. Akaanza kulia. Mumewe, aliyesikia kilio na kudhani ni cha huzuni, alianza kumpa pole.

"Usinipe pole," alimwambia. "Sasa naweza kustaafu."