Kifungo cha «Exercer»

Juzi, katika duka la intaneti huko Birere, papa mmoja na mama, mke wake, walikuwa wakichagua programu ya kufanyia biashara ya opsio za kahawa, yaani haki ya kununua kahawa ya miezi ijayo kwa bei iliyofungwa leo, bila kulazimika. Kwa kujaribu, papa alikuwa amenunua opsio moja katika kila programu, kwa pesa ya kweli.

Ya kwanza ilimchosha. «Kila nikigusa, inauliza: ‹Uko na hakika?› Ni kama wewe, mama!»

Akafungua ya pili, akaruka kwenye kiti. «Angalia! Iko na kifungo cha Exercer! Iko na mazoezi, kama kwenye masomo! Hii ndiyo yetu!»

Kidole kikashuka. Mama akakikamata hewani.

«Papa, soma maandishi ya hapa chini. Hapa exercer ni kutumia ile haki. Ukigusa tu, umeshanunua kahawa!»

Papa akacheka mpaka machozi, akarudia ile ya kwanza. «Tunachukua hii!»

«Uko na hakika?» mama akauliza.

Programu yenye kuuliza mara mbili, wengi wetu tuko nayo nyumbani. Tunaiita makelele.