Maumivu Yasiyoonekana kwenye Picha

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne magoti yalipoanza kumuuma. Yakafuata nyonga, kisha mgongo, na kufikia mwisho wa muhula alikuwa akishuka kitandani kwa kujishikilia ukutani. Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu Nalufenya, hapa Jinja, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo kila asubuhi alipita mbele yangu akienda shule, na kwa mwendo wake tu nilijua siku itakuwaje.

Tulianzia hospitali. Walipima damu, wakapiga picha mara mbili. Daktari wa kwanza alisema mtoto anakua, yatapita. Wa pili aliinua picha dirishani, akasema mifupa ni mizima kabisa, akaandika dawa zilezile. Wa tatu hakumtazama mtoto. Aliniuliza mimi kama nyumbani kuna ugomvi. Mama yake alimpeleka kwa shehe akasomewa, akapata nafuu siku mbili, ya tatu maumivu yakarudi. Shuleni mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba miguu yake huuma siku za kufagia tu.

Sikumkasirikia yule mwalimu kama nilivyopaswa. Ukweli ni kwamba nami nilikuwa nimeanza kufikiri kama yeye. Picha safi, damu safi, na mtoto anacheka na mama yake saa nne, saa sita analia. Niliona anatuchezea.

Jumamosi moja maji ya bomba yalikatika. Mke wangu alikuwa sokoni. Nilimwambia binti achukue jerikeni aende kisimani.

"Baba, leo siwezi."

"Wewe kila siku huwezi."

"Leo ni mbaya zaidi."

Nikasimamisha cherehani. "Nenda. Na nitasimama hapa mlangoni nikutazame."

Alikwenda. Alirudi na jerikeni imejaa, akiihamisha mkono huu hadi ule, akisimama kila baada ya hatua chache. Majirani walikuwa wakitazama. Nilimwona akiuma midomo, nikajiambia, umeona, kumbe anaweza. Alipokaribia mlango miguu ikamkataa. Akaanguka, maji yote yakamwagika. Hakulia. Alibaki amekaa kwenye tope, akaniangalia, akasema polepole, "Sasa umeamini?"

Siku tatu hakuweza kusimama. Mama yake alikuwa akiniwekea chakula mezani na kurudi kwa binti.

Dada yangu ameolewa Mbale, anakaa Malukhu. Nilipompigia simu nilisema tu kwamba mtoto amezidiwa; habari ya jerikeni niliificha. Akaniambia kuna mama mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyefanya kazi miaka mingi na askari majeruhi. Watu wote wanamwita Afande. "Mlete huku," alisema.

Nilisita. Nilipokuwa mdogo, zamani za utawala wa jeshi, askari walimchukua baba yangu dukani. Alirudi baada ya wiki mbili na hakutusimulia lolote mpaka alipokufa. Lakini sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Afande alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, mtu wa kaskazini, na rozari shingoni. Aliniita Hajji, ingawa Maka sijafika. Nilipoanza kueleza ugonjwa, aliinua mkono.

"Hajji, ngoja kwanza. Nani anaumia, ni wewe ama mtoto?"

Akavuta kiti karibu na binti yangu, akamuuliza maumivu yakoje. Yanachoma ama yanavuta? Asubuhi yakoje, jioni yakoje? Alimsikiliza muda mrefu bila kumkatiza. Binti alisema mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: kwamba hata shuka likimgusa magoti anaumia, kwamba huhesabu vigae vya sakafu darasani asije akapiga kelele.

Alipomaliza kumpima, Afande alisema, "Mimi nimeona askari amekatwa mguu. Mguu umezikwa, hauko. Lakini bado unamuuma, analia nao. Utamwambia anadanganya? Mtoto, hii maumivu yako ni ya kweli. Hakuna kitu imevunjika, lakini ni ya kweli."

Binti yangu aliinamisha kichwa magotini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ile ya tope.

Nilimweleza Afande nilichokifanya, nikitazama chini. Nilidhani ataniliwaza. Hakuniliwaza. "Hiyo utaongea na yeye, si mimi," alisema. Kisha akatuambia tusitarajie miujiza. Binti ataanza kutembea kidogo kila siku, kipimo kilekile, siku mbaya na siku nzuri, wala asizidishe akijisikia vizuri. Mazoezi ya kupumua. Kulala na kuamka kwa saa zilezile. "Siwezi kukuahidi yote itaisha," alimwambia. "Lakini hautakuwa peke yako."

Kesho yake, nikiwa nimekaa na binti uani kwa dada yangu, nilimwomba radhi.

"Baba, kule njiani kutoka kisimani nilikuwa namwomba Mungu nianguke mbele yako, ili uone."

Akainuka kwenda kutembea mpaka getini na kurudi, kama alivyoelekezwa, nami nikabaki nimekaa.

Sasa anaishi na shangazi yake Malukhu, ili awe karibu na Afande, na shule ya huko imekubali asome asubuhi tu na asimame darasani akichoka kukaa. Kuna wiki anatembea mpaka dukani na kurudi bila kushika kitu. Kuna wiki hatoki chumbani. Wiki iliyopita shangazi yake alinipigia kwamba hajanyanyuka tangu juzi. Nikafunga kazi, nikaenda. Nilimkuta amegeukia ukutani. Nikamuuliza anataka nini.

"Hakuna," alisema. "Kaa tu. Usiniulize kama nimepata nafuu."

Nikakaa, nikimsikiliza akihesabu pumzi zake.