Skrini Niliyoiponda Dukani

Siku hizi nikishuka mjini narudi nimechoka kama niliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, hata kama nilichobeba ni mikono yangu tu. Goti la kushoto halinitaki tena. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike aliponiambia, "Babu, twende wote mjini, pale Njoro, ukanisaidie kuchagua skrini ya kompyuta," nilitaka kukataa. Lakini hapa kihambani, kwenye shamba letu la migomba, tumebaki mimi na yeye. Bibi yake alishatangulia, na wanangu wanapanda huku mlimani Krismasi, wanakula, wanaondoka. Nikavaa koti.

Niseme kwanza kazi yake, maana hata mimi niliyeishia darasa la nne ilinichukua muda kuielewa. Anatengeneza kadi za harusi na za kipaimara. Watu wanamtumia picha, anazipanga, anazipaka rangi, anawarudishia. Jioni anacheza gemu na wenzake ambao hajawahi kuonana nao, wanapigana risasi huku wanacheka. Sasa skrini yake ya zamani ilikuwa imeingia mstari mweusi katikati, kila bibi harusi anakatwa kiuno. Binamu yake wa Dar akawa anamwita akafanye kazi ofisini kwake.

"Nikipata skrini nzuri, babu, nitabaki hukuhuku," aliniambia. "Nisipopata, itabidi niende."

Nikamjibu, "Nenda tu. Huku kuna nini? Migomba na matope."

Ndivyo nilivyosema.

Dukani tulikuta mbili. Ya kwanza, muuzaji alisema, rangi zake ni za kweli, ni ya kazi, na gemu inacheza kiasi. Ya pili ni ya gemu hasa, picha inakimbia bila kuganda, ila rangi ndiyo hivyo. Binti akatoa picha aliyokuja nayo, bibi harusi wa Rau aliyevaa kitenge cha zambarau, ikawekwa kwenye zote mbili. Kwenye ya kwanza zambarau ilikuwa zambarau. Kwenye ya pili kitenge kilikuwa kama kimefuliwa kwa majivu. Niliona hata mimi mwenye mtoto wa jicho. Nikamtazama mjukuu wangu, midomo kaibana vile bibi yake alivyokuwa akiibana akiona kitu anachokitaka. Nikajua ni ya kwanza.

Hapa lazima nimtaje baba yangu. Alinifundisha mnadani, kule tambarare: ng'ombe unayemtaka usimsifu. Unamsifu aliyesimama pembeni yake, huyo wako unamponda. Kuna ng'ombe mmoja alimtukana asubuhi nzima, kiwele kama soksi, miguu ya kukopa, mpaka mwenye ng'ombe akawa karibu kulia. Tulimkamua yule ng'ombe mpaka nikaoa. Hata posa yangu ilikwenda hivyohivyo, ila hiyo niiache.

Basi nikaanza. "Hii ya kwanza mbona rangi zimezidi? Kama ukuta wa baa. Inaumiza macho. Hii ya pili ndiyo skrini!" Jamaa mmoja aliyekuwa ameikodolea macho ile ya kwanza akasikia, akajikuna kichwa, akatoka. Mjukuu wangu akanitazama, akaitazama ile ya kwanza, akainamisha uso.

"Basi tufungie hiyo aliyosema babu," akamwambia muuzaji.

Moyoni nikasema, huyu damu yangu, anaujua mnada. Nikatoka nje kupumzisha goti, nikawaachia wamalizane. Nilijua muuzaji akilegea tu, mjukuu wangu atageukia ile ya kwanza. Boksi likafungwa kwenye bodaboda, tukapanda kwetu Old Moshi.

Tulipolifungua, bibi harusi alikuwa wa majivu.

"Mbona umechukua hii?"

"Si wewe ulisema ndiyo skrini?"

"Nilikuwa nashusha bei!"

"Bei imebandikwa, babu! Pale juu yake, kwenye karatasi!"

"Sasa si ungebisha?"

"Nikubishie wewe mbele za watu?"

Angepiga kelele ningepata nafuu. Lakini alisema polepole tu, "Haidhuru. Kesho nitampigia binamu."

Asubuhi nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba nikakata jani la sale. Kwetu aliyekosa akikuletea sale huwezi kumkatalia msamaha. Nikamwambia asimpigie mtu kwanza. Tukashuka tena na boksi letu.

"Shikamoo mzee. Mmerudi?" muuzaji akasema.

"Marahaba. Nimekosa." Nikaliweka jani juu ya boksi.

Naye kumbe ni mtoto wa hukuhuku mlimani. Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee! Watu wanaleta sale kwa ugomvi wa shamba, wewe unaleta kwa skrini?"

"Unaikataa?"

"Nani kakataa? Mama akisikia nimekataa sale atanilaani." Akaitoa ile ya kwanza. "Bahati yenu. Yule jamaa wa jana alikuwa anaichukua hii, ulivyoiponda akakimbia."

Mchana ilikuwa mezani kwetu. Binti akaiwasha, zambarau ikatoka yenyewe, chumba kizima kikachangamka.

"Vipi, babu?"

Ulimi ulishaanza kusema mbaya, kwa mazoea. Lakini nilikuwa nimechoka, mnada nao unachosha. Nikasema, "Nzuri. Na huku nako kuzuri. Usiende."

Akageuka kunitazama. "Babu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona ulinifukuza na migomba yako na matope?"

Nikatazama chini. Nikamsikia anacheka puani, kama bibi yake.

"Siendi," akasema. "Ila dukani sitakwenda na wewe tena."

Akanisogezea kiti chenye mto, akaendelea na kadi yake, na mimi nikasinzia palepale na koti langu.