Uso wa Duka

Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kukaa. Duka la vipodozi alikoajiriwa lilikuwa refu na jembamba, lina rafu mpaka darini, na karibu na mlango tajiri aliweka kiti cha plastiki chini ya taa nyeupe. Siku ya kwanza alimsogeza mfanyakazi wake huku na huku kama mtu anayetundika picha ukutani, mpaka mwanga ukamwangukia shavuni alivyotaka. Basi kiti kikawa chake, na wateja wakampa jina la Kioo. Kulikuwa na mama mmoja aliyependa kusema kwamba hata inzi akitua kwenye shavu la Kioo atateleza avunjike mguu.

Swali lilikuwa moja kila siku: dada, unatumia nini? Jibu nalo lilikuwa moja. Kioo alinyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya kichwa chake, akashusha kopo jeupe lenye picha ya ua waridi, krimu ambayo tajiri aliichota mwenyewe kwa mwiko kutoka kwenye ndoo nyuma ya pazia. Hii tu, alisema, asubuhi na jioni.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuipaka hata mara moja. Asubuhi alinawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya watoto wachanga, akajikausha kwa kugusagusa na taulo kuukuu, akapaka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mahindi ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha akavaa kofia pana kabla ya kutoka. Jioni ni maji yale yale na mafuta yale yale. Alilala mapema, na hakuwa na mtu wa kumkosesha usingizi. Mengine aliyarithi kwa mama yake, aliyezikwa na miaka sabini na mashavu ya msichana. Ule uongo wa dukani aliuhesabu kama sare ya kazi: unauvaa ukifika, unauvua ukitoka.

Alikuwa akiishi na mtoto wa kaka yake, binti wa miaka ishirini na miwili, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu na kwa daktari wa meno ambako binti huyo aliajiriwa mapokezi. Binti alikuwa na chunusi chache kidevuni, na wasiwasi mwingi kuliko chunusi zenyewe. Jumamosi moja alikuja dukani bila taarifa, akapanga foleni nyuma ya wanawake watatu, na zamu yake ilipofika akasema huku anacheka, kama mteja mwingine yeyote, kwamba naye anataka uso kama ule wa shangazi, je, shangazi anatumia nini?

Tajiri alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Wale wanawake watatu walikuwa bado wanafunga mikoba yao. Mkono wa Kioo ukapanda kwenye rafu wenyewe.

Alijiambia atamweleza wakifika nyumbani. Alipofika alimkuta binti ameshapaka, amekaa mbele ya feni uso umemetameta, basi akajiambia kesho. Ndani ya wiki mbili chunusi zikanywea. Uso ukawa laini, ukang'aa, na binti akaanza kuimba akipiga pasi. Alimkumbatia shangazi yake jikoni akamwambia amempa maisha. Kioo akageukia sufuria. Kila siku iliyopita iliifanya ile kauli ya kweli iwe nzito zaidi kuisema, mpaka ikafika mahali hata hakujua ingeanzia wapi.

Mwezi wa nne ngozi ikageuka. Vipele vya usaha vikazunguka mdomo, mashavu yakawa mabaka, na juu ya mabaka mishipa midogo ikaanza kuonekana kama nyuzi. Hata maji matupu yalimuwasha. Wagonjwa wa meno walisahau maumivu yao wakabaki kumwangalia yeye, na mwishowe daktari akamhamishia chumba cha nyuma, kwenye mafaili. Muuguzi wa kliniki ya ngozi alilifungua lile kopo, akalinusa, akalifunga. Alisema ndani mna dawa kali isiyostahili kupakwa usoni namna ile. Alimpa vidonge, akamwagiza aache krimu zote na arudi kwenye mambo machache: maji, sabuni laini, mafuta ya mgando, kofia. Akaonya kwamba uso utachafuka zaidi kabla haujatulia, na kwamba ni kazi ya miezi.

Wifi yake alipiga simu. Hakugombana. Alisema tu, "Wifi, wewe sura yako imekaa kama ilivyopaswa kukaa ya mwanangu, na ya mwanangu imezeeka kama ilivyopaswa kuzeeka yako. Mungu akusamehe," akakata.

Kila asubuhi Kioo aliamka kabla ya binti, akachemsha maji, akayapoza kwa ya bomba na kuyapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Binti alifumba macho, naye akamnawisha kwa ncha za vidole bila kusugua, akamgusagusa kwa kitambaa cha pamba, akampaka mafuta. Wakati mwingine chozi lilitoka kwenye kope zilizofumbwa, na Kioo akalifuta pamoja na maji, kana kwamba hakuliona.

Jumapili ya wiki ya tatu, uso ulipokuwa umevimba kupita siku zote, alimkuta binti amesimama mbele ya kioo cha bafuni, lile kopo mkononi limefunguliwa.

"Nimechoka, shangazi. Nilipokuwa naipaka nilikuwa na uso."

Kioo alimwambia uso ule ulikuwa wa kuazima, na muuguzi alishaeleza kwamba akirudia atajimaliza.

"Muuguzi haijui hii krimu. Wewe ndiye unaijua. Miaka kumi na moja asubuhi na jioni, na tazama ulivyo." Alichovya kidole. "Labda mimi nilikuwa napaka kidogo mno."

Kioo alikitazama kile kidole.

"Sijawahi kuipaka."

Binti hakugeuka. Alimwangalia kupitia kioo.

"Hata siku moja," Kioo akasema. "Ile Jumamosi tajiri alikuwepo pale."

"Na uliporudi nyumbani, tajiri alikuwepo?"

Binti aliliweka kopo juu ya sinki taratibu, akafungua bomba akanawa kidole kwa muda mrefu, kisha akapita mlangoni bila kumgusa.

Asubuhi iliyofuata Kioo alichemsha maji kama kawaida. Binti akamwambia kutoka chumbani kwamba ameshanawa. Jumatano alihamia kwa mama yake. Alichukua sabuni, mafuta na kofia. Kopo aliliacha.

Alhamisi mteja alipouliza dada unatumia nini, Kioo alinyoosha mkono, akaurudisha mapajani. Akasema hii siitumii, wala usiinunue. Tajiri alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimwita nyuma ya pazia, akamwambia pole pole kwamba kiti kile kina kazi yake. Kioo akachukua mkoba. Siku hizi anakunja mashuka katika nyumba ya wageni, kwenye chumba chenye mvuke ambako hakuna anayemtazama usoni. Alimwomba kaka yake afikishe habari hizo kwa binti. Kaka akarudi na jibu la neno moja: vizuri.

Walikutana baada ya miezi minane, kwenye njia nyembamba ya waenda kwa miguu karibu na kliniki. Binti alikuwa amevaa kofia. Ngozi ilikuwa imetulia, si ya kung'aa, na mabaka yamebaki kidogo tu karibu na masikio. Kioo alitaka kumwambia amependeza. Alitaka kumuuliza kama maji anayapima kwanza.

"Shikamoo," binti akasema, kwa sauti ambayo mtu humpa mkubwa yeyote anayekutana naye njiani.

"Marahaba."

Binti akasogea pembeni kwa adabu, akampisha apite.